Maswali ya Wasomaji: Euler alijifunzaje hisabati?

SWALI: Ni kweli kwamba Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alifundishwa na Johann Bernoulli, mwanahisabati mashuhuri wa Basel, tangu utotoni? Na shuleni alisoma nini?

JIBU: Hapana, mwalimu wake wa kwanza wa hesabu alikuwa baba yake. Euler alizaliwa Basel tarehe 15 Aprili 1707, lakini alikulia Riehen, kijiji cha jirani ambako baba yake, Paul, alikuwa mchungaji. Paul aliposomea uchungaji aliwahi kuhudhuria mihadhara ya Jakob Bernoulli, kaka yake Johann, kwa hiyo hesabu haikuwa ngeni nyumbani kwao. Alimwanzishia mwanawe kitabu cha aljebra cha Christoff Rudolff kilichohaririwa na Michael Stifel, cha tangu 1553. Si kitabu cha mtoto hata kidogo.

Baadaye alipelekwa kwa bibi mzaa mama, Basel, asome shule ya Kilatini. Huko hesabu haikufundishwa kabisa, ikabidi atafutiwe mwalimu wa nyumbani. Mwaka 1720, akiwa na miaka 13, aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Umri huo usikushangaze mno: kitivo cha falsafa kilikuwa ngazi ya matayarisho tu, kabla ya theolojia, sheria au udaktari.

SWALI: Basi Bernoulli anaingilia wapi?

JIBU: Hapo chuoni, na kwanza alikataa. Euler aliomba masomo ya faragha. Bernoulli akasema kazi zimemzidi. Ila alimpa utaratibu ambao, kwa maoni yetu, ulimfaa kuliko darasa. Achukue vitabu vigumu zaidi, avisome peke yake kwa bidii yote, na palipomkwamisha apaweke kando mpaka Jumamosi alasiri, ndipo aende kwa Bernoulli afafanuliwe.

Nguvu ya utaratibu huu ilikuwa kwamba mwanafunzi alifika akijua hasa anauliza nini. Uzeeni Euler alisimulia kuwa kizuizi kimoja kikishaondolewa, vingine kumi vilitoweka papo hapo.

Shahada ya uzamili aliipata 1723 kwa kulinganisha falsafa ya Descartes na ya Newton, kisha akaingia theolojia, maana baba alitaka awe mchungaji. Bernoulli ndiye aliyemshawishi mzee akubali kijana abaki kwenye hisabati.

SWALI: Kwa nini aliihama Uswisi mapema hivyo?

JIBU: Kazi ilikosekana. Uprofesa wa fizikia ulipobaki wazi Basel, aliwasilisha tasnifu kuhusu sauti. Alikuwa na miaka 19 tu. Desturi ya chuo ilikuwa kuchuja waombaji, kisha waliobaki wapigiwe kura ya bahati. Yeye hakufika hata kwenye kura hiyo.

Mwaka uleule wa 1727 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliuliza milingoti ya meli ipangwe vipi. Jibu la Euler, kijana wa nchi isiyo na bahari, lilitajwa kwa heshima nyuma ya la mshindi, Mfaransa Pierre Bouguer.

Aliondoka Basel tarehe 5 Aprili 1727, akashuka mto Rhine kwa mashua, akafika Saint Petersburg, Urusi, tarehe 17 Mei. Nafasi aliyoitiwa kule haikuwa ya hisabati bali ya fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, ndiyo maana kabla ya safari alikuwa ameshika vitabu vya udaktari.