Mguu Mmoja Ukivimba Baada ya Homa, Usiuchue

Juzi dada mmoja msomaji kaniandikia: "Mdogo wangu katoka hospitali na nimonia, sasa mguu wa kushoto umevimba. Mama anauchua kwa mafuta ya nazi. Ni sawa?" Nilimjibu palepale: mwambie mama aache, mpelekeni leo. Kisha usingizi ukanipaa.

Maana wangu pia ulichuliwa. Miaka minne iliyopita, siku ya 9 tangu nimonia inilaze, kigimbi cha kulia kilijaa, ngozi ikang'aa, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Zahanati wakanipa diklofenaki, dawa ya maumivu, wakasema nimelalia vibaya. Siku tatu baadaye ngazi sita za nyumbani zikanishinda kwa kukosa pumzi. Bonge la damu lilishafika mapafuni. Ile kauli ya "umelalia vibaya" inaniuma mpaka leo.

Daktari aliyenitibu ndiye aliyenieleza vizuri. Nilidhani damu huganda kwa sababu ya kulala sana tu. Kumbe kinga ya mwili yenyewe inashiriki. Chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, zikipambana na vijidudu, hutupa nje nyuzi za DNA yake kama mvuvi anavyotupa jarife. Watafiti wa Berlin walilieleza jambo hili mwaka 2004. Jarife hilo hunasa bakteria, lakini likitandazwa ndani ya veni, mshipa unaorudisha damu moyoni, hunasa pia chembe sahani, zile za kugandisha damu, na chembe nyekundu, hasa nyuma ya vali, vile vilango vya ndani ya mshipa, pale damu inapojikokota na oksijeni ni haba. Monositi, chembe nyeupe za aina nyingine, nazo huleta protini inayoanzisha ugandaji. Kwa hiyo nimonia ilikuwa kifuani, lakini vita vyake vilifika mguuni.

Ndugu zangu, ukitoka kuugua maambukizi makali, kufanyiwa upasuaji au kujifungua, tazama miguu yako yote miwili kila asubuhi. Mmoja ukizidi mwenziwe, ukauma, ukapata joto, dai ultrasaundi siku hiyohiyo. Usikubali kurudishwa na vidonge vya maumivu. Pumzi ikikata au kifua kikichoma ukivuta hewa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Na usichue, bonge lisije likang'oka likaenda mapafuni. Narudia, usichue.

Mimi nilimeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miezi sita, nikipima INR, yaani kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ibaki kati ya 2 na 3. Nilimaliza.

Jana jioni yule dada kanitumia majibu: bonge limeonekana kwenye paja. Mdogo wake ameanzishiwa sindano za heparini, nazo za kuzuia damu kuganda, na mama ndiye anayelala naye wodini.