Kabla Amin Hajavuka Mpaka, Ndoa Yao Ilikuwaje?

Kwa miaka minne sasa naandika riwaya ya mke na mume wa Bukoba wakati wa vita vya Tanzania na Uganda. Rasimu ya kwanza ilifika kurasa 140, na karibu zote nimezitupa. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye hadithi ya namna hiyo moyoni, ya bibi yake au ya nyumba ya jirani, ambaye kila akikaa kuiandika inamgeukia kuwa somo la historia.

Yangu ilinigeukia hivyohivyo. Ilianza na ndege zikidondosha mabomu mjini Oktoba 1978, watu wakikimbilia migombani na watoto mgongoni. Kisha jeshi la Amin likavuka mpaka, Mwalimu akahutubia tarehe 2 Novemba kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo, daraja la Kyaka likavunjwa, mume akaitwa pamoja na wenzake wa mgambo, mke akalia. Nikampa dada yangu asome. Aliirudisha baada ya wiki moja akiwa na swali moja tu: "Huyu mwanamke na mumewe, kabla ya vita walikuwa wanaongea?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliweza kumtajia mwezi ambao mji wa Masaka, kule Uganda, ulitekwa, lakini sikujua kama wahusika wangu walilala wakitazamana au wakipeana mgongo.

Kwa hiyo la kwanza ninalokushauri, na kwa kweli ndilo nililokuja kusema, ni uijue ndoa kabla hujaleta vita. Sikulifikia kwa akili zangu. Kosa ndilo lililonifikisha. Katika rasimu ile mume alikuwa karani wa chama kikuu cha ushirika, kwa kuwa niliona ndiyo kazi ya heshima ya mji wa kahawa. Nikampelekea mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye mizani ya kahawa. Alisoma ukurasa mmoja, akaweka kidole.

"Huu ni mwaka gani?"

"1978, mzee."

"Basi hakuwa karani, mwanangu. Vyama vikuu vilivunjwa 1976. Huyu bwana wako alikuwa yuko nyumbani."

Nilirudi nimenyong'onyea, nikijiona nimefanya kosa la kitoto. Siku ya pili yake nikaanza kumwona yule bwana aliyeko nyumbani. Kahawa sasa inanunuliwa na mamlaka ya serikali, meza yake haipo, lakini kila asubuhi anapiga pasi shati lake, anatoka, anarudi jioni na harufu ya rubisi, pombe ya ndizi. Mkewe ndiye anayelima na kuchuma. Na ilikuwa miaka ambayo bei ya kahawa duniani ilipanda sana, baada ya baridi kali kuunguza mashamba ya Brazil mwaka 1975. Mikono iliyoleta fedha ilikuwa ya mke. Nyumba ilikwisha kubadilisha kichwa, na hakuna aliyethubutu kulitamka jambo hilo.

Halafu inakuja vita. Mgambo wanahitajika, makumi ya maelfu yao nchi nzima. Bwana anapewa sare na bunduki, jina lake linaitwa kwenye gwaride mbele ya watu, naye anaitikia kwa sauti ambayo mkewe hakuisikia kwa miaka miwili. Anaondoka akiwa na furaha. Mke anaiona. Katika miezi yote inayofuata, hofu kwamba mumewe atakufa anaimudu, kwa sababu hofu hiyo anaigawana na wanawake wote wa mtaa. Ile furaha ndiyo inayomtafuna, na hana wa kumwambia, maana mji mzima unawaombea mashujaa.

Ningeendelea kuanza na ndege, nisingeiona furaha ile kamwe.

Ndiyo maana siku hizi kila anayeniomba ushauri namwambia aandike kwanza kurasa kumi ambazo hatamwonyesha mtu. Ziwe za 1976 na 1977, bila risasi hata moja. Nani anashika fedha? Nani alikuwa wa mwisho kuomba radhi, na aliombea nini? Ni jambo gani waliacha kuliongelea, na waliacha lini? Vita havikuiharibu ndoa ya watu hawa. Viliondoa vitu vilivyokuwa vikiisitiri: kutoka asubuhi, wageni, msiba wa jirani, mavuno. Ukiona huwezi kuzijaza kurasa hizo kumi, hujawajua bado, na hakuna mzinga utakaokusaidia.

Kuhusu kuwauliza waliokuwepo. Nilipowauliza kina bibi "vita vilikuwaje?" walinipa majibu ya redioni, yaleyale ambayo sote tunayo. Nikabadilisha. Nikauliza siku ile uliacha nini jikoni, ulivaa nini alipoondoka, mbuzi alibaki na nani. Bibi mmoja alinieleza saa nzima habari za cherehani yake. Siku ya kukimbia mumewe alimwamuru aiache, abebe redio ya bwana. Akaifukia kibanjani usiku, katikati ya migomba, akaibeba ile redio hadi Muleba. Nilikaa na kalamu nikisubiri afike kwenye vita. Hakufika. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba alikuwa ameshanieleza. Waulize akina mama wakiwa peke yao, wala usimkatize anayekwenda mbali na swali lako. Na uwe mwaminifu: katika mji mdogo, hata ukibadilisha jina, watu watamjua mtu kwa mbuzi wake. Bibi huyu aliniruhusu niseme habari za cherehani. Mengine aliyoniambia yanabaki kwangu.

Mji mdogo nao una kazi yake katika hadithi, na kazi hiyo ni kubeba habari. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Kulikuwa na Radio Tanzania, kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, na kulikuwa na midomo. Barua kutoka mstari wa mbele inapita mikononi mwa watu kabla ya kumfikia mwenyewe, na kwangu safari ya barua imekuwa na uzito kuliko safari ya jeshi. Katika rasimu ya sasa mume anaiandika barua, anampa mwenzake aliyejeruhiwa anayerudishwa nyuma, naye anaifikisha kwa mama wa bwana, kama adabu inavyotaka. Mama mkwe anakaa nayo siku tatu. Haisomi, hajui kusoma. Anakaa nayo tu chini ya mto wake, kwa kuwa ni mwanawe naye. Mkwe anajua iko pale, kwa sababu balozi ameshamwambia. Sura hiyo niliiandika kwa siku mbili, wakati mapigano ya Lukaya, kule Uganda, yalinipotezea miezi mitano.

Angalia pia msimu. Uvamizi ulikuja senene, wale panzi tunaowala, wakiwa njiani, maana huku Novemba ni mwezi wao. Nilipolikumbuka hilo niliinuka kwenye kiti. Mwanamke anakamata senene kama kila mwaka, anawachambua mabawa na miguu, anawakaanga, anawakausha, anamwekea mumewe fungu lake kwenye kopo. Je, atalihifadhi hadi lini? Siku atakayolifungua na kulila peke yake, msomaji hahitaji kuambiwa chochote kuhusu hali ya ndoa hiyo.

Maneno nayo husaliti. Mwaka 1978 mkoa ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita, kwa hiyo mhusika wako asiseme mapema "sisi watu wa Mkoa wa Kagera". CCM ilikuwa na mwaka mmoja na miezi, na mzee anayeteleza na kusema TANU yuko sahihi kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha vunjika 1977 na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, hivyo usiwape bidhaa kirahisi. Sabuni peke yake inaweza kubeba ugomvi wa mume na mke kwa kurasa tano.

Sasa jambo lililonishtua kuliko yote. Vitabu vinasema Kampala ilianguka Aprili 1979 na vita vikaisha Juni. Nami nilimrudisha bwana wangu nyumbani Juni, kwa ngoma na vigelegele. Lakini askari wetu wengi walibaki Uganda hadi 1981. Fikiria mwanamke anayesikia redioni kwamba tumeshinda, anafagia uwanja, anasubiri, na mwaka unapita. Halafu mwingine. Sasa hana hata vita vya kumsingizia. Nchi imeambiwa ifunge mkanda miezi 18, naye anaufunga, na majirani wanaanza kumuuliza kwa upole ule wa mji mdogo ambao ni mbaya kuliko matusi: "Bwana hajapata ruhusa tu?" Tarehe za vitabuni na tarehe za nyumbani hazifanani. Ukizilinganisha kwa nguvu utaua sehemu bora ya hadithi yako, kama nilivyoiua mimi mara ya kwanza.

Ukifika kwenye kuachana, soma Sheria ya Ndoa ya 1971. Niliidhani kavu, lakini imejaa drama. Mtu asiyesikika kwa miaka mitano na wale ambao wangepaswa kumsikia huchukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitike vinginevyo. Na kabla ya kudai talaka mahakamani, kwa kawaida lazima shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Mwanamke aseme yale yote, ile furaha, mbele ya wazee wanaomjua mama mkwe wake tangu usichana! Sijaamua kama wangu atafika huko. Nimemwachia mlango wazi.

Jambo moja nakusihi kwa moyo wote. Hadithi yako ikivuka mwaka 1983, ambapo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hukohuko Kagera, usiulete ugonjwa ule kama fimbo ya kumchapa mhusika aliyekosea. Nimesoma miswada ya wenzangu inayofanya hivyo, na nimewazika ndugu ambao hawakukosea lolote. Wahusika wako wa wakati ule hawakujua ni nini kinawapata. Waache wasijue.

Mimi nipo kwenye sura ya kurudi, na nimeiandika mara sita. Katika tano za kwanza mume anaingia, wanakumbatiana au wanagombana, na zote zilinuka uongo. Ya sita nilirudi kwenye zile kurasa kumi za 1977 nikamtazama anavyoingia nyumbani kwake: anasukuma mlango kwa bega, hasemi neno, shati lile la pasi limelowa jasho. Sasa ni 1981, usiku, mvua imekatika. Anasimama nje ya mlango uleule na begi la jeshi, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, anabisha hodi. Ndani taa inawashwa. Mke anauliza, "Nani?"