Fielder 1.5: anza na hewa na plagi

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuipa Toyota Fielder yako nguvu kidogo bila turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ukiendelea kwenda nayo kazini kila siku.

Kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza hapa karibu asilimia 15 hadi 20 ya nguvu zake. Kwa hiyo tafadhali usitupe boksi la chujio la hewa! Mimi nililing'oa nikafunga chujio la wazi lenye umbo la pia. Mlio ulikuwa mtamu, ila kwenye foleni ya Mombasa Road lilivuta hewa moto ya injini na gari likawa zito kuondoka. Nilirudisha boksi, nikatia chujio jipya, nikabadilisha plagi (zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta), nikasafisha throto (mlango wa hewa wa injini) iliyoganda utando mweusi kama masizi ya sufuria. Kupanda Limuru nikahisi tofauti.

Kubadilisha eksozi ya nyuma peke yake ni kelele tu. Afadhali rimu nyepesi, tairi nzuri na pedi za breki.

Plagi zako zimetembea kilomita ngapi?