Roboti na tezi dume ya mzee

Ndugu yangu, umeuliza kama baba yako aliyeko Kongwa auze ng'ombe aende India kupasuliwa tezi dume kwa kuwa roboti inapasua yenyewe. Haipasui yenyewe. Daktari anakaa pembeni, macho kwenye kioo kinachokuza picha ya ndani, vidole kwenye vishikio, miguu kwenye pedali. Akigeuza kiganja, kimkasi kilicho tumboni nacho kinageuka, na mtetemo wa mkono unachujwa. Matundu ni madogo, damu hupotea kidogo. Ila utafiti wa Australia uliochapishwa 2016 uliilinganisha na upasuaji wa wazi kwa saratani ya tezi dume, na wiki 12 baadaye uwezo wa kubana mkojo na nguvu za kiume havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Uzoefu wa daktari ndio wa kuutafuta.

Halafu nani kasema ni saratani? PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kupanda peke yake hakutoshi; kinyama cha tezi kichukuliwe kipimwe. Kama tezi imekua tu, mara nyingi hupunguzwa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo, bila kuchana tumbo. Mlete kwanza hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, aonwe na bingwa wa mfumo wa mkojo. Tafadhali msisubiri mpaka mkojo uzibe kabisa.