Vitumbua vya Dar: kitazame chuma kabla ya kuagiza

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam ni mgahawa upi wenye vitumbua vizuri, atakutajia jina na mtaa. Jina hilo ni nusu ya msaada tu. Mgahawa huohuo unaweza kukupa kitumbua cha kukufanya uongeze kingine saa 1 asubuhi, na ikifika saa 4 ukakuletea kitu kizito kilicholowa mafuta. Kinachoamua ni mambo mawili: rojo lina umri gani, na chuma, yaani kikaango chenye vishimo cha kupikia vitumbua, kina moto kiasi gani wakati unaagiza. Yote mawili yanaonekana ukijua pa kutazama, iwe uko Kariakoo, Magomeni, Ilala au Temeke.

Tuanze na rojo. Mchele hulowekwa usiku kucha, au angalau saa sita hadi nane, kisha husagwa pamoja na tui, halafu hutiwa sukari, iliki na hamira. Kwa vikombe viwili vya mchele, tui kikombe kimoja hadi kimoja na nusu, sukari nusu kikombe na hamira kijiko kimoja cha chai vinatosha. Kwa joto la Dar rojo huumuka kwa dakika 45 hadi saa moja, na miezi ya Desemba hadi Machi huwahi zaidi. Likikaa kwenye ndoo mpaka saa 4 bila friji, hamira inaendelea kula sukari, uchachu unaingia na povu linaanza kushuka. Ndiyo maana vitumbua vya mwisho wa ndoo huwa bapa, vikali kidogo ulimini, tena vyeupe hata kama vimeiva: sukari ya kuvipa wekundu imeshaliwa. Ukiona mpishi anaongeza sukari kwenye ndoo katikati ya kazi, ujue anajaribu kuficha hilo.

Kwa hiyo fika kati ya saa 12 na nusu na saa 2 na nusu. Kabla ya hapo chuma bado hakijatulia, baada ya hapo ni bahati nasibu. Mwezi wa Ramadhani saa hugeuka: vitumbua vinaanza kutoka alasiri, na vya saa 11 jioni ndivyo vya kusubiri, kwa kuwa wanunuzi ni wengi na hakuna kinachopata nafasi ya kulala kwenye hotpoti.

Sasa chuma. Aghalabu kina vishimo saba, kimoja katikati na sita kuzunguka, na havipati moto sawa. Juu ya jiko la mkaa, cha katikati ndicho kinachoungua kwanza. Juu ya gesi, ambako moto hutoka kwa duara, cha katikati kinaweza kuchelewa huku vya pembeni vimeshakuwa vyekundu. Mpishi anayejua kazi yake hamimini vyote kwa mpigo mmoja na kuvigeuza kwa mpigo mmoja. Anaanza na kile kinachochelewa na anakitoa cha mwisho. Ukiona anazunguka na kijiti chake bila mpangilio, agiza chai kwanza uone kinachotoka.

Sikiliza pia. Mafuta, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila shimo, yanatakiwa yawe yamepata moto kabla ya rojo, na rojo likiingia utasikia mchachariko mara moja, kingo zikianza kushika papo hapo. Rojo likiingia kimya, mafuta yalikuwa baridi, na kitumbua hicho kitayanywa. Watu wengi hulaumu mpishi kwa kumwaga mafuta mengi, kumbe tatizo ni moto mdogo, au rojo jepesi mno. Moto ukizidi, balaa ni jingine: ngozi inakuwa nyeusi na ndani kuna uji. Na kitumbua kinachong'ang'ania shimo mpaka kikwanguliwe na kutoka vipande kinatoka kwenye chuma kipya ambacho hakijazoea mafuta, au kilichosuguliwa kwa sabuni na stili waya. Chuma kizuri ni cheusi, kinang'aa, na hufutwa tu kwa kitambaa. Usikikimbie kwa sababu ya weusi wake. Weusi wa kukimbia ni wa mafuta yenyewe: yakishakuwa na rangi ya chai ya rangi na yanatoa moshi unaowasha macho, nenda mgahawa wa pili.

Agiza kimoja, kivunje kwa mkono, usikikate kwa kisu. Ndani kuwe na vitundu vidogo vilivyosimama wima, kuanzia chini kuelekea juu, na mvuke wenye harufu ya nazi na iliki. Ukikibonyeza, kirudi. Kikibaki na alama ya kidole, hakijaiva au hakikuumuka. Vitundu vikubwa vichache vyenye kuta nene vinaonyesha unga wa ngano umezidi. Kutia ngano kidogo si dhambi, maana mchele peke yake haushikani vizuri, na robo ya ngano kwa mchele huwezi hata kuitambua. Wengine hufanya kazi hiyo kwa kusaga konzi ya wali uliopikwa pamoja na mchele mbichi, na kwetu hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu kitumbua hubaki laini hata kikipoa. Lakini ngano ikipita nusu, umenunua andazi la duara. Chembe zinazokwaruza ulimi maana yake mchele haukulowa vya kutosha, au blenda ilichoka.

Kuhusu mchele wenyewe, usivutwe na anayekuambia anatumia wa Kyela. Harufu yake ni nzuri kwenye wali, ila ndani ya tui na iliki hupotea. Chenga za kawaida zikilowekwa vizuri zinafanya kazi ileile.

Kuuliza kunaruhusiwa, mradi usiulize kama mkaguzi wa afya. "Shikamoo mama, leo nazi ya kukuna au ya pakiti?" inatosha, na wengi hujibu ukweli. Tui la nazi iliyokunwa asubuhi huacha utamu mtulivu baada ya kumeza. Penye maziwa ya unga badala ya tui, kitumbua huwahi kuwa chekundu na huacha ladha ya peremende. Swali la pili ni "Vya moto vinatoka saa ngapi?" badala ya "Vipo?", kwa sababu vipo daima, kwenye hotpoti.

Hotpoti ndiyo adui mkubwa zaidi wa chapati za maji. Chapati ya maji nzuri ina kingo nyembamba zenye vitundu kama kitambaa cha kufuma, na kingo hizo hufa dakika chache tu baada ya kurundikwa na kufunikwa. Omba ipikwe ukiwapo. Vikombe viwili vya unga, mayai mawili na maji au maziwa nusu lita, vikaachwa vitulie nusu saa, hutoa rojo linalotiririka kwenye kikaango bila kusukumwa. Lisipopewa muda wa kutulia, chapati huvutika kama mpira. Unga hutuama chini ya bakuli, kwa hiyo tazama kama mpishi anakoroga kabla ya kila upawa; asipokoroga, chapati za mwanzo zinachanika na za mwisho ni nene kama kandambili. Ya kwanza kutoka mwachie mwenyewe, kikaango kilikuwa bado kinatafuta moto wake. Za chumvi, zenye kitunguu kilichokatwa vidogo sana, ndizo za kuagiza mgahawani. Za sukari hushika kikaango na huungua haraka, na mpishi mwenye foleni hupunguza moto mpaka zinakauka.

Vibibi ni vigumu kuvipata mgahawani Dar. Ni vyembamba, vya mchele na tui, hupikwa upande mmoja tu vikiwa vimefunikwa, na uso wa juu ujae vitundu. Vikigeuzwa, vimeharibika. Nafasi yako nzuri ni Ramadhani, kwa wapishi wenye asili ya Zanzibar wanaouza futari.

Pankeki nene za mtindo wa Kimarekani ziko kwenye mikahawa ya Masaki na Oysterbay, na zina kanuni fupi. Beking pauda huanza kutoa hewa ikigusana na maji, hivyo rojo lililokorogwa saa 1 haliwezi kukupa pankeki iliyosimama saa 5. Uliza kama wanachanganya kwa kila oda. Zikija ngumu kutafuna, zimekorogwa kupita kiasi. Rojo lake linatakiwa liwe bado na madonge madogo. Omba sirapu kando, kwa kuwa mara nyingi ni sukari iliyotiwa rangi, na asali ukiipata ni bora.

Ukibeba vitumbua kwenda nyumbani, usivifungie kwenye mfuko vikiwa vya moto. Mvuke utalainisha ngozi yote. Karatasi safi iliyoachwa wazi juu inatosha, ila si gazeti, wino wake huhamia kwenye mafuta. Usiviweke kwenye friji: wanga wa mchele hukaza ukipoa, na asubuhi utakuta mawe. Kuvipasha, kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo, dakika mbili hadi tatu kila upande.

Na kama ni oda ya ofisini au ya arusi, piga hesabu kabla ya kulipa. Chuma cha vishimo saba hutoa mkupuo mmoja kwa kama dakika sita, yaani vitumbua 70 kwa saa mpishi asipopumzika. Vitumbua 200 kwa chuma kimoja ni karibu saa tatu, na vya kwanza vitakuwa vimepoa kabla ya vya mwisho kumiminwa, huku ndoo nayo ikichacha. Muulize ana vyuma vingapi na majiko mangapi. Akiwa na vyuma vitatu, kazi inaisha kwa saa moja hivi. Akiwa na kimoja, agiza 70 kwake na vinavyobaki kwa jirani yake mwenye vyuma viwili, na wote wawili waambie jioni ya kabla, maana mchele usiolowekwa jana hauwezi kuwa kitumbua leo.