Kwa mwalimu mgeni Nakuru: kabla hujafundisha shairi la ubaguzi

Mwalimu mwenzangu, wewe uliyekuja Nakuru kwa mazoezi ya ualimu na kukabidhiwa ushairi wa Kidato cha Tatu, nakuomba usianze nilivyoanza mimi. Nilikuwa nikilisoma shairi mara moja, nauliza maudhui, darasa zima linaitikia "ubaguzi wa rangi!", naandika ubaoni, kisha tunakimbilia vina na mizani. Mtihani walipita. Lakini hakuna aliyetoka darasani na kitu moyoni, na wale watoto walikuwa na kila sababu ya kuguswa.

Siku hizi naanza na neno moja tu. Ubaguzi hutembea kwa maneno, na mshairi mzuri hulishika neno hilo akaligeuza mbele ya macho yetu.

Chukua shairi la Countee Cullen, Mmarekani mweusi, liitwalo "Incident". Lilitoka kwenye diwani yake ya 1925. Lina beti tatu, mishororo 12, basi. Nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, anakumbuka alipokuwa na miaka minane, yuko safarini mjini Baltimore, moyo umejaa furaha. Anamwona mtoto wa pale anamkodolea macho. Wako rika moja, hata kimo hawapitani. Anamtabasamia. Yule mwenzake anamtolea ulimi na kumtupia tusi la rangi. Alikaa Baltimore tangu Mei hadi Desemba, akauona mji wote, lakini katika yote yaliyotokea huko, analokumbuka ni hilo tu.

Hapo ndipo pa kukaa. Nenda polepole. Waulize: huo mji mzima umekwenda wapi? Miezi yote ile imemezwa na nini? Kisha waonyeshe umbo lake: vina vyepesi, mishororo mifupi, kama wimbo wa watoto wakicheza uwanjani. Cullen hakupiga kelele. Amelitia jeraha ndani ya mapigo ya mchezo, ndiyo maana linachoma. Mwanafunzi akiliona hilo mwenyewe, hutahitaji kumfafanulia tena uhusiano wa fani na maudhui.

Na lile tusi, tafadhali, usimpe mwanafunzi alisome kwa sauti. Mimi hunyamaza nikifika pale, nao huelewa. Niliwahi kumwachia kijana mmoja alisome, darasa likacheka, na neno likaanza kutumika bwenini kumwita mwenzao mweusi zaidi. Ilinichukua muhula mzima kulizima.

Langston Hughes, mshairi mwingine Mmarekani mweusi, katika "I, Too", hatakusumbua sana. Wageni wakija, nafsineni anapelekwa kula jikoni. Anacheka, anakula vizuri, anapata nguvu, na kesho ataketi mezani. Watakuuliza mbona anacheka. Waache wabishane, maana hapo ndipo watajifunza toni kuliko katika maelezo yoyote utakayowaandikia.

Ila usiishie Marekani. Mtoto wa Nakuru akidhani ubaguzi ni mambo ya Wamarekani, umempunja. Mji huu ulikuwa katikati ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake, na wengi walikitia ndani ya kikopo cha chuma wakakining'iniza shingoni. Wazungu hawakutakiwa kukibeba. Uliza darasa: kipande ni nini? Mmoja atasema ni nusu ya mshororo, mwingine atasema ni kitambulisho. Wote wamepata. Kaa na neno hilo kipindi kizima.

Kuna neno jingine litakalohitaji ujasiri: madoadoa. Kwa kawaida doa ni alama kwenye nguo. Hapa Bonde la Ufa, nyakati za uchaguzi, neno hilo limetumiwa kumwita jirani wa kabila jingine uchafu wa kuondolewa. Ni istiari, tena fupi na yenye picha kali, sawa na zile tunazowasifia washairi. Wanafunzi wajue kwamba mbinu za lugha hazina upande, na kwamba kuna watu waliofukuzwa makwao kwa kutanguliwa na istiari. Lakini usimwulize mtoto yeyote kabila lake ili upate mfano wa somo. Kamwe. Atakayetaka kusema atasema, na mara nyingi ataandika.

Nilijifunza hayo mwaka wa 2008. Shule zilipofunguliwa baada ya machafuko ya uchaguzi, darasani mwangu mlikuwa na madawati matupu, na hatukujua nani amehama na nani hatarudi. Sikuwa na la kuwaambia, nikawaomba waandike ubeti mmoja wa tarbia, mishororo minne, kila kipande silabi nane, juu ya jambo lolote. Kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, ambaye babu yake alitoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kazi kwenye shamba la Mzungu upande wa Njoro, alileta huu:

Babu alivaa chuma, shingoni kama kengele,
Akisimamishwa nyuma, na wengine wako mbele,
Nami leo nasimama, naulizwa yale yale,
Kwenu wapi, wanasema, mimi wa hapa milele.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nikamwambia mshororo wa mwisho haujakaa sawa kisarufi, aandike "mimi ni wa hapa". Akauweka mkono juu ya daftari, akahesabu kwa vidole, mi-mi-wa-ha-pa-mi-le-le, nane. Akaniambia, "Mwalimu, nikiongeza 'ni' zitakuwa tisa. Sitaenea."

Nikaifunika kalamu.