Muulize Mwalimu: Je, mtu anaweza kuruka kama ndege?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu Salehe ana miaka 9. Jumamosi iliyopita alipanda juu ya banda la kuku, akajifunga kanga zangu mikononi, akaruka. Mungu kamnusuru, ameteguka kifundo cha mguu tu. Nilipomgombeza akaniuliza: "Mama, mbona kuku ana mabawa mafupi na kila jioni anapanda mwembeni kulala?" Nikakosa jibu. Bibi yake anamwambia zamani watu waliruka kwa ungo. Kaka yake anamwambia akikua, sayansi itamwotesha mabawa. Naomba umjibu yeye mwenyewe: binadamu ataweza siku moja kuruka kama ndege, kwa nguvu zake? – Mama Salehe, Muheza

JIBU: Marahaba Mama Salehe. Mpe pole kijana wetu, na mwambie swali lake la kuku nimelipenda kuliko yote niliyoletewa mwezi huu. Mgombeze kwa kupanda banda, ila kwa kuuliza usimgombeze hata kidogo.

Naanza na hilo la kuku, maana jibu limo ndani ya kuku mwenyewe. Siku mtakayochinja, usimkatekate haraka. Mnyonyoe, mlaze chali, mchune ngozi ya kifuani. Utaona kidari: minofu miwili minene, kulia na kushoto, na katikati mfupa uliosimama wima. Mimi ni mtoto wa nahodha wa Pangani, na kila nikiuona mfupa ule nauona mkuku wa jahazi. Huo ndio unaoshikilia minofu ya kurukia.

Sasa pitisha kisu taratibu kando ya mfupa huo, unyanyue mnofu mkubwa wa juu. Chini yake umelala mnofu mwingine mwembamba, kama kidole kirefu. Ufuate kuelekea begani, utaona unaishia kwenye kano jeupe, gumu kama uzi wa mshipi. Mwambie Salehe aushike mnofu huo, auvute polepole kuelekea mkiani. Bawa litanyanyuka.

Nimewaonyesha wanafunzi jambo hili miaka 26, na sikumbuki darasa hata moja ambalo halikunyamaza kimya bawa lilipoinuka. Kano lile hupita kwenye tundu la begani kama kamba inavyopita kwenye kapi la mlingoti: unavuta chini, tanga linapanda juu. Kwa hiyo hata mnofu wa kuinulia bawa ndege anao kifuani, chini, pamoja na ule wa kulishushia. Uzito umekaa chini kama shehena kwenye ngama, naye hapinduki hewani. Baba alikuwa akipanga magunia ya nazi kwa kanuni hiyohiyo.

Baada ya hapo Salehe ajishike kifua chake. Mfupa wa katikati ni bapa, hauna mkuku, na nyama yake ni chache. Njiwa, karibu robo ya uzito wake ni minofu ya kurukia tu. Mtu wa kilo 70 kwa kiwango hicho angehitaji zaidi ya kilo 17 za nyama kifuani peke yake, na akishaibeba ameongezeka uzito, anahitaji nyingine. Kaka yake anayemwahidi mabawa aanze na hesabu hiyo. Mabawa yasiyo na minofu hayana tofauti na zile kanga.

Kuna hesabu nyingine, nayo ndiyo ngumu zaidi. Mchukue njiwa huyo, umkuze mara 2 kwa urefu, upana na unene. Eneo la mabawa yake linakuwa mara 4, lakini uzito wake unakuwa mara 8. Mkuze mara 3: mabawa mara 9, uzito mara 27. Kila unapomkuza, mzigo unayakimbia mabawa. Huyo kuku wenu yuko katikati ya safari hiyo. Anazo nguvu za kupiga mabawa kwa kishindo hadi tawini, lakini hawezi kuendelea mpaka Korogwe. Ukifika Serengeti utamkuta tandawala mkubwa, mmoja wa ndege wazito kabisa wanaoruka duniani. Dume lake hufika kilo 18 hivi, na hutembea muda mwingi kuliko kuruka; hata akishtuliwa, hunyanyuka kwa shida. Mbuni, mwenye kilo zaidi ya 100, ameiacha kazi hiyo kabisa.

Watu hawakukubali kirahisi. Yupo mmoja ambaye namheshimu sana, Otto Lilienthal, Mjerumani. Tangu utotoni aliwatazama korongo weupe, na mwaka 1889 akachapisha kitabu kuhusu namna ndege wanavyoruka. Korongo hao ni wageni wetu: wengi wanaozaliana Ulaya huja Afrika kukimbia baridi, na huonekana huku kwetu wakila panzi mashambani. Kuanzia 1891 Lilienthal alijitengenezea mabawa ya kitambaa na fito, akawa anateremka vilimani akielea, zaidi ya mara 2,000. Alielea tu. Kupiga mabawa alikujaribu, hakukufanikisha. Agosti 1896 upepo ulimvuruga, akaanguka, akafariki kesho yake mjini Berlin. Salehe ajue kwamba hata huyo aliyewasoma ndege kuliko wote wa zama zake, bawa lililomchukua lilikuwa la kuelea.

Mabadiliko yalikuja watu walipoacha kutegemea mikono na kutumia miguu, maana minofu yetu mikubwa iko mapajani. Tarehe 12 Juni 1979 mwendesha baiskeli wa Marekani, Bryan Allen, alikanyaga pedeli zilizozungusha pangaboi akavuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa, kwa saa 2 na dakika 49. Chombo chake, Gossamer Albatross, kilikuwa na uzito wa kilo 32 tu. Lakini hicho hakikupiga mabawa, na wewe umeuliza kama ndege.

Basi hili hapa ndilo jibu lenyewe. Tarehe 2 Agosti 2010 huko Kanada, Todd Reichert wa Chuo Kikuu cha Toronto aliingia kwenye chombo walichokiita Snowbird. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa mita 32. Jahazi la baba, lililobeba mbao na nazi hadi Unguja, halikufika hata nusu yake. Lakini chombo kizima kilikuwa na kilo 40 na kidogo. Gari lilikivuta hadi kikapaa, kamba ikaachiwa, naye akawa anasukuma kwa miguu, nyaya zinavuta mabawa chini, yanarudi juu, anasukuma tena. Alikwenda mita 145 bila kushuka.

Kwa hiyo Salehe, kwa mikono na kanga, hapana, wala ukikua. Kwa ungo mimi sijaona, na siamini. Kwa miguu, na mabawa marefu kuliko uwanja wa nyumba yenu, ndiyo, imeshafanyika. Mwombe mama akae nawe barazani mhesabu pamoja, polepole, kuanzia moja. Mkifika 19 muda umekwisha: ndizo sekunde ambazo mtu aliruka kwa kupiga mabawa, kwa nguvu zake.